Joto la Mlandizi na Mstari Unaoteremka

Jumamosi iliyopita nilikuwa barazani kwangu Mlandizi, nimezungukwa na rundo la karatasi za wanafunzi zisizosahihishwa, pale binti wa binamu yangu alipoingia na daftari lake la Jiografia. Yuko kidato cha tatu, na kwa kuwa baba yake amenizidi miaka miwili, mimi kwake ni baba mdogo. Alinipa shikamoo, akaketi mkekani, akanifungulia ukurasa wenye grafu aliyoichora kwa penseli. Mhimili mlalo ulionyesha mwinuko wa miji ya Tanzania kutoka usawa wa bahari. Mhimili wima ulionyesha wastani wa halijoto kwa mwaka. Nukta tisa zilitawanyika ukurasani, na katikati yake mstari uliochorwa kwa rula ukiteremka kutoka kushoto juu hadi kulia chini.

"Baba mdogo, hii nimeipata yote," alisema, na alama ya vema ilikuwa pale kwa wino mwekundu. "Ila nina swali ambalo halimo kwenye zoezi. Mwalimu ametuambia kuwa mstari huu ndio unaoeleza kwa nini mikoa ya nyanda za juu inafaulu mitihani na sisi wa Pwani tunashindwa. Anasema joto linatufanya wavivu. Ni kweli?"

Ndugu msomaji, mimi hulipwa mshahara kwa kujibu maswali ya namna hii. Hata hivyo, nilikaa kimya kwa muda kuliko ilivyostahili, kwa sababu sentensi ile nilikuwa nimekwisha kuisikia. Niliisikia zaidi ya miaka thelathini iliyopita, katika shule ya bweni iliyokuwa milimani, mahali ambapo tulilala na masweta. Tulikuwa wawili tuliotoka huku, mimi na huyo binamu yangu, baba wa binti huyu. Mwalimu mmoja alizoea kutusimamisha mbele ya darasa kila tulipokosea hesabu na kuwaambia wenzetu kwamba jua la Pwani limetupika akili. Darasa lilicheka. Mimi nilicheka nao, maana nilidhani ndiyo njia ya kupona. Binamu yangu hakucheka. Yeye ndiye aliyenifundisha sehemu na desimali tukiwa shule ya msingi, kwa vijiti, chini ya mwembe. Alipoanguka mtihani wa kidato cha pili mara moja tu, alifunga sanduku lake na kurudi nyumbani. Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Hatukuumbiwa haya sisi." Hakurudi tena shuleni.

Kwa hiyo swali la binti yake halikuwa la Jiografia peke yake, nami niliona afadhali nianze na grafu yenyewe, kwa sababu grafu haikuwa na kosa.

Uhusiano uliomo ndani yake ni wa kweli, tena ni miongoni mwa uhusiano thabiti sana ambao mwanafunzi anaweza kuuchora kwa takwimu za nchi hii. Dar es Salaam, iliyo mita chache tu juu ya bahari, ina wastani wa nyuzi 26 hivi za sentigredi kwa mwaka. Morogoro, iliyo mita 500 na kitu, imepoa kidogo. Dodoma, mita 1,100 hivi, ina nyuzi 22 au 23. Arusha, mita 1,400 hivi, iko kwenye 19 au 20. Mbeya, mita 1,700 hivi, ina 17 au 18. Kipimo cha uhusiano, kile tunachokiandika kwa herufi r, huanzia -1 hadi +1. Alama hasi hutuambia kwamba kitu kimoja kikipanda kingine hushuka, na kadiri namba inavyoikaribia -1 ndivyo nukta zinavyojipanga karibu na mstari. Kwa miji ya binti yule r haikuwa mbali na -0.9. Katika sayansi ya jamii mtu akipata namba kama hiyo huirudia hesabu yake, akihofia kwamba amekosea.

Lakini uthabiti wa namba siyo unaotufanya tuamini kwamba mwinuko hupunguza joto. Tunaamini kwa sababu tunajua jinsi jambo lenyewe linavyotendeka. Jua hupasha ardhi na bahari, nazo ndizo hasa zinazoipasha hewa iliyo juu yake. Hewa hiyo ikipanda hukutana na mgandamizo mdogo zaidi, hutanuka, na katika kutanuka hupoa. Katika angahewa, kwa wastani, halijoto hushuka kwa nyuzi 6.5 hivi kwa kila mita 1,000. Jambo hili lingekuwa kweli hata kama hakuna mtu aliyewahi kuchora nukta moja.

Kisha nikamwomba binti apime mteremko wa mstari wake. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni tofauti ya nyuzi 8 na nusu hivi kwa mita kama 1,700, yaani nyuzi 5 hivi kwa kila mita 1,000. Kwa nini isiwe 6.5? Kwa sababu kanuni ile ni ya hewa iliyo huru angani, na miji yetu haikuning'inia angani. Imekaa juu ya uwanda mpana ambao nao unapigwa na jua na kuipasha hewa kutoka chini. Hata katika uhusiano ulio safi kiasi hiki, mahali pana neno lake la kuongeza.

Nikamwonyesha jambo la pili. Mwanza, Tabora na Bukoba ziko katika mwinuko unaokaribiana sana, zote zikiwa kati ya mita 1,100 na 1,200. Kama mwinuko ungekuwa ndio kila kitu, nukta zake tatu zingekaa pamoja. Hazikai. Bukoba, yenye mawingu na mvua nyingi ya upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, ni ya baridi kuliko Tabora kwa nyuzi kama mbili. Nukta iliyojitenga na mstari haifai kufutwa wala kuitwa kosa. Ndiyo inayotuambia kwamba kuna sababu nyingine ambayo mstari wetu haukuihesabu, kama mtoto mmoja asiyetikisa kichwa pamoja na wengine mzee anaposimulia: yafaa aulizwe anajua nini.

Jambo la tatu ndilo lililomshangaza. Nilimwambia aachane na Mbeya na Arusha, achukue mkoa wetu peke yake: Bagamoyo, Kibaha, Mlandizi, Kisarawe. Hapa mwinuko unaanzia usawa wa bahari na, hata ukipanda vilima vya Pugu na Kisarawe, huishii mbali na mita 300. Tofauti ya mita 200, kwa mteremko wa mstari wake mwenyewe, ni nyuzi moja tu. Nyuzi moja humezwa na mambo mengine mengi: umbali kutoka baharini, kivuli cha msitu wa Kazimzumbwi, saa ya kupimia, hata aina ya paa lililo juu ya kipimajoto. Ukichora nukta za Pwani peke yake utaona wingu la nukta lisilo na mwelekeo, na r itakaribia sifuri. Je, mwinuko umeacha kupunguza joto ulipofika Kibaha? Hapana. Tumebana tu uwanja wa kutazamia mpaka uhusiano ukakosa nafasi ya kuonekana. Kipimo cha uhusiano hakisemi juu ya maumbile peke yake. Husema pia juu ya mahali ulipochagua kusimama unapotazama. Anayekuletea namba bila kukuambia amepima wapi na wapi, amekuletea nusu ya habari.

Hadi hapo tulikuwa bado na joto. Sasa tugeukie grafu ya pili, ile ambayo mwalimu wake hakuichora ubaoni bali aliichora vichwani mwao: mwinuko katika mhimili mlalo, ufaulu wa mitihani katika mhimili wima. Tuchukulie kwamba mtu ameichora kwa uaminifu na kwamba mstari wake unapanda. Unatuambia nini?

Kwanza nikamuuliza binti, "Kahawa inaota wapi?" Akajibu mara moja: Kilimanjaro, Arusha, Mbeya, Mbinga, Kagera. Kahawa aina ya arabika hupenda sehemu za juu zenye ubaridi, na bila mwinuko huo haistawi vizuri katika nchi ya joto kama hii. Wamisionari walipanda milima ileile, wengine wakikimbia malaria na wakitafuta hali ya hewa iliyofanana na ya kwao. Walijenga makanisa, na kando ya makanisa walijenga shule. Wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao cha kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Fedha ya kahawa ikalipa karo. Watoto waliosomeshwa kwa kahawa wakawa walimu, na watoto wa walimu hao wakasoma zaidi ya wazazi wao. Baada ya vizazi vitatu mtu anachora nukta zake, anaona mstari unapanda na mlima, na anasema: ni baridi inayowapa bidii. Kumbe kati ya mlima na cheti cha mtihani kuna kahawa, kanisa, karo, barabara, na mbu ambaye vimelea vyake vya malaria hukua kwa shida penye baridi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni tabia ya mtu.

Pili, mstari huo haukuwa hivyo siku zote. Lau mtu angechora grafu ya mwinuko na maandishi karne tatu zilizopita, ungeteremka kutoka pwani kwenda milimani, tena kwa kasi. Watu wa pwani hii, katika joto hilihili, waliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu kabla ya misheni yoyote kufika Kilimanjaro. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728. Wajerumani walipotaka makarani, shule yao ya kwanza ya serikali waliifungua Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, mji ulio ufukweni kabisa, na wahitimu wake wakapelekwa kuandika barua na kukusanya kodi bara. Je, karani wa Tanga angekuwa na haki ya kusema kwamba baridi ya milimani inagandisha akili? Bahari haijahama wala milima haijashuka. Kilichohama ni fedha na shule. Uhusiano unaogeuka upande wa pili ndani ya vizazi vichache hauwezi kuwa sheria ya maumbile.

Hapo binti akaniuliza kuhusu Shule ya Sekondari Kibaha, na niliona kwamba ameanza kufikiri kama mtafiti. Shule ile iko kilomita chache kutoka hapa, katika joto letu hili. Ilizaliwa na mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963, ambao leo ni Shirika la Elimu Kibaha, na kwa miongo mingi imehesabiwa kati ya shule bora za nchi. Ningeweza kuishika nukta hiyo kama ushindi wangu. Uaminifu ulinilazimisha nimwambie kwamba Kibaha hupokea vijana waliochujwa kutoka mikoa yote, hivyo matokeo yake hayapimi watoto wa Pwani. Yanathibitisha jambo dogo zaidi, lakini la kutosha: kwamba akili iliyopata walimu, maabara, vitabu na bweni haiyeyuki kwenye joto la Kibaha.

Wasomaji wangu wengi ni wanafunzi wa vyuo na watumishi wa umma, watu wanaoishi na majedwali. Kwenu ninyi niongeze historia moja ambayo tunaifundisha mara chache. Dhana ya kupima uhusiano kwa namba ilianzishwa na Mwingereza Francis Galton, aliyeiwasilisha mwaka 1888, na kukamilishwa kihisabati na Karl Pearson katika miaka ya 1890. Galton huyohuyo ndiye aliyebuni, mwaka 1883, jina la yujeniki, fundisho la kuboresha kizazi cha binadamu kwa kuamua nani azae na nani asizae. Mwaka 1911 Pearson akawa profesa wa kwanza wa somo hilo katika Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1915 Mmarekani Ellsworth Huntington alitoa kitabu chake kuhusu ustaarabu na tabianchi, akidai kwamba joto la tropiki linawanyima watu nguvu ya kujiendeleza. Mwalimu wa binti yangu huenda hajawahi kulisikia jina lolote kati ya haya. Fikra hizi hazihitaji kusomwa ili zirithiwe. Nasi hatuzitupi hesabu zao kwa sababu ya dhambi zao, kwani r ni chombo kizuri. Tunachopaswa kukumbuka ni kwamba chombo hiki, tangu kilipozaliwa, kimekuwa na kishawishi cha kuwapanga watu kwenye mstari.

Je, basi joto halina uhusiano wowote na masomo? Hapa nisijifiche nyuma ya uzalendo wa kimkoa. Lina uhusiano. Mwaka 2020 watafiti wanne wa Marekani, Joshua Goodman, Michael Hurwitz, Jisung Park na Jonathan Smith, walichapisha uchunguzi wa mamilioni ya wanafunzi waliofanya mtihani mmoja zaidi ya mara moja. Hawakulinganisha mji wa baridi na mji wa joto, wakijua vema kwamba miji hutofautiana kwa mambo mengi. Walimlinganisha mwanafunzi na nafsi yake: mwaka alioketi darasani penye joto zaidi na mwaka wenye joto pungufu. Waligundua kwamba, mahali pasipo na viyoyozi shuleni, ongezeko la nyuzi moja ya Farenhaiti, ambayo ni kama nusu ya nyuzi ya sentigredi, katika mwaka wa masomo hupunguza yaliyojifunzwa mwaka huo kwa asilimia moja hivi. Na mahali penye viyoyozi hasara hiyo karibu yote ilitoweka.

Tazameni tofauti ya hitimisho. Mwalimu anasema: joto limewafanya kuwa watu wa aina fulani. Uchunguzi unasema: joto liko chumbani, na chumba kinaweza kurekebishwa. Kauli ya kwanza inamwachia mtoto aibu na kumwondolea ofisa wajibu. Ya pili inamwondolea mtoto aibu na kumrudishia ofisa wajibu wake. Madarasa mengi ya mkoa huu yameezekwa mabati yasiyo na dari, na mtihani wa kidato cha nne huangukia Novemba, wakati joto la Pwani linapanda kuelekea kilele chake. Dari, madirisha yanayopitisha upepo, miti upande wa magharibi wa jengo, maji ya kunywa: haya ni mambo ya bajeti, wala hayahitaji mtoto wa Mlandizi azaliwe upya Makete.

Limebaki neno uvivu. Binamu yangu, yule aliyefunga sanduku lake, leo analima mboga karibu na mto Ruvu, mto uleule ambao maji yake husukumwa kutoka mtambo wa Ruvu Juu ulio hapa kwetu kwenda kunyweshwa Dar es Salaam. Anaamka saa kumi alfajiri. Saa kumi na mbili jua linapochomoza amekwisha kumwagilia nusu ya matuta yake. Saa tano ameshafikisha mchicha na bamia sokoni. Kuanzia saa sita hadi saa tisa analala kivulini, kisha anarudi shambani mpaka giza liingie. Mgeni kutoka mjini hufika saa saba mchana, ndani ya gari lenye kiyoyozi, akawaona wanaume watano wamejinyoosha chini ya mwembe. Anaandika katika ripoti yake kwamba mwamko wa kazi ni mdogo. Amepima kweli, ila amepima saa moja kati ya ishirini na nne.

Basi, ndugu mtumishi wa umma, utakapoletewa safari nyingine mchoro wenye mstari mzuri unaopanda au kuteremka, uliza: umepimwa wapi, lini, na kati ya nukta hizi kuna nini kingine kinachopanda au kushuka pamoja nazo? Uliza pia kama anayeuonyesha anaweza kueleza njia ambayo jambo la kwanza hulitenda la pili, kama tunavyoweza kuieleza njia ya hewa kupoa inapopanda. Akishindwa, mshukuru kwa mchoro, na msifanyie uamuzi.

Saa kumi jioni binamu alipita kumchukua binti yake, jembe begani. Aliinama juu ya daftari akaitazama grafu kwa makini, kama alivyokuwa akitazama vijiti vyetu zamani. Bila kuambiwa lolote aliweka kidole kwenye nukta ya Bukoba na kusema, "Hii mbona imetoka nje ya wenzake?" Binti akamweleza habari za mawingu na ziwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na mimi niko wapi hapa?"

"Haumo, baba," binti alimjibu. "Hii ni miji."

Alitikisa kichwa polepole, akachukua jembe lake, wakaondoka pamoja. Mimi nilirudi kwenye karatasi zangu, na nikakuta kwamba ile ya juu kabisa, ya mwanafunzi wa mwaka wa pili, ilianza na maneno haya: "Takwimu zinathibitisha kwamba wakazi wa mkoa huu." Nilichukua kalamu nyekundu.